Shingo Ikivimba, Kosa Si la Shingo

Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya shingo, na mtaona kwamba mazungumzo ya shingo yatatupeleka mpaka kichwani.

Katika kikao kimoja nilichohudhuria huku milimani, pesa za merigo-raundi zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa na chai imeletwa, mama mmoja akafungua leso aliyokuwa amejifunga shingoni akaniuliza, "Mwalimu, hii shingo yangu inataka nini?" Wao huniita mwalimu, ingawa sijafundisha shule hata siku moja. Shingo yake ilikuwa imevimba kwa mbele, uvimbe kama ngumi ya mtoto, usiouma. Nyanya mmoja akasema ni sababu ya kubeba kuni kwa kamba ya kichwani tangu usichana. Mwingine akanong'ona kwamba kuna jirani aliyemtazama vibaya. Kijana aliyekuwa katibu akasema bila kupepesa macho, "Hiyo ni saratani, mama, enda ukatwe."

Hakuna aliyekuwa na hakika, nami sikuwa nayo. Lakini swali la yule mama lilikuwa zuri kuliko majibu yote matatu, maana shingo ya namna hiyo mara nyingi kweli inataka kitu. Inatafuta kitu isichokipata, na kichwa kinaipigia kelele iendelee kutafuta. Ili tuelewe jambo hilo, lazima kwanza tujue jinsi kichwa kinavyozungumza na viungo vingine.

Mwili una njia mbili za kupeleka habari. Ya kwanza ni mishipa ya fahamu, nayo ni kama simu. Ukishika sufuria ya moto, mkono umekwisha kuruka kabla hujasema "aa!" Njia ya pili ni ya barua. Kuna viungo vidogo mwilini viitwavyo tezi, na kila tezi hutengeneza dawa yake na kuimwaga ndani ya damu. Dawa hiyo ndiyo homoni. Inasafiri na damu ikipita mbele ya kila kiungo, lakini barua hufunguliwa na yule tu ambaye jina lake limeandikwa juu. Jina hilo la homoni lilianza kutumiwa mwaka 1905 na mtaalamu wa London, Ernest Starling, akilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kuchochea.

Sasa, anayeandika barua atajuaje kwamba imetosha? Wale ambao kikundi chenu kina tangi la maji mnajua lile boya linaloelea ndani. Maji yakipungua, boya hushuka na bomba hufunguka. Maji yakijaa, boya hupanda na bomba hujifunga lenyewe. Hakuna askari anayesimama pale usiku kucha kuangalia. Maji yenyewe ndiyo yanayofunga maji. Basi sehemu kubwa ya mwili huendeshwa hivyo: kazi ikishafanyika, matokeo ya ile kazi ndiyo yanayorudi kusema, "Imetosha, punguzeni."

Chukua mfano wa kiu. Umelima tangu asubuhi kwenye jua la Januari na maji yamekutoka kwa jasho. Damu inakuwa nzito kidogo, na kuna mahali chini ya ubongo panapoionja damu hiyo wakati wote. Pakiona imezidi chumvi, ubongo hufanya mambo mawili kwa pamoja: unakutia kiu, na unaachilia homoni inayoenda kwenye figo kusema, "Zuieni maji." Ndiyo sababu siku hiyo unakojoa kidogo, tena mkojo wa rangi nzito. Ukinywa maji, damu inarudi hali yake, homoni inapungua, na figo zinaachilia tena. Pombe huizuia homoni hiyo isitoke. Kwa hivyo mnywaji wa busaa hutoka nje mara kwa mara, halafu anaamka alfajiri mdomo umekauka kama gunzi, na bado anashangaa maji yote aliyokunywa yameenda wapi. Yamepita tu.

Turudi shingoni. Mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, kuna tezi yenye umbo kama kipepeo aliyefungua mabawa. Inaitwa thairoidi. Kwa mtu mzima mwenye afya ina uzito wa gramu 20 hivi, na ukiigusa huenda usiione kabisa. Kazi yake ni kutengeneza homoni inayoitwa thairoksini, ambayo kwenye karatasi za maabara huandikwa T4. Homoni hii ndiyo inayoamua moto wa jiko la mwili uwake kwa kasi gani. Moyo, utumbo, ngozi, misuli, akili, vyote hufuata kasi hiyo. Ikipungua, mtu anakuwa baridi, mchovu, anapata choo kigumu, ngozi inakauka, sauti inakuwa nzito, mapigo ya moyo yanapungua na mwili unaongezeka hata kama hali sana. Kina mama wengine hupata hedhi nyingi kupita kiasi. Ikizidi, mambo hugeuka: moyo unadunda mbio, mikono inatetemeka, joto halivumiliki, usingizi hakuna, na mtu anakonda huku anakula kama mvunja mawe.

Lakini thairoidi haijiamulii. Ni fundi tu katika karakana. Juu yake kuna ofisi mbili. Ofisi ya kwanza iko ndani ya ubongo, chini kabisa, mahali paitwapo haipothalamasi. Huyu tumwite mwenyekiti. Chini yake, ikining'inia kama tunda kwenye kikonyo, kuna tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere, uzito wake karibu nusu gramu, imekaa katika kishimo cha mfupa nyuma ya pua. Huyu ndiye katibu. Mwenyekiti anamwambia katibu, katibu anamwandikia fundi. Barua ya katibu kwa fundi huitwa TSH. Fundi akiipata, anatengeneza thairoksini na kuitia katika damu. Damu hiyo inazunguka mwili wote, na inapofika kichwani, mwenyekiti na katibu wanaionja. Wakiona thairoksini imetosha, wanapunguza barua. Wakiona ni kidogo, wanaandika nyingi zaidi. Ni lile boya tena, ila hapa maji yanalazimika kupanda mpaka kichwani kabla bomba la shingoni halijafungwa.

Mambo haya hayakujulikana kwa urahisi. Kutafuta neno la kwanza kabisa, lile ambalo mwenyekiti humwambia katibu, wataalamu wawili waliokuwa Marekani, Roger Guillemin na Andrew Schally, walishindana miaka mingi. Mmoja alikusanya bongo za kondoo na mwingine za nguruwe, kwa malaki, ili wapate kiasi kidogo sana cha homoni hiyo. Walifaulu mwaka 1969, na mwaka 1977 wakapewa Tuzo ya Nobel. Ukifikiria kondoo mmoja wa harambee jinsi tunavyomgombania, utaona hiyo ilikuwa kazi.

Sasa tufike kwenye shida ya yule mama. Fundi hatengenezi meza bila mbao, na mbao za thairoidi ni madini yanayoitwa iodini. Kila chembe ya thairoksini ina chembe nne za iodini ndani yake, ndiyo maana ile nambari 4 katika jina T4. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, na mama mwenye mimba au anayenyonyesha 250. Ukijumlisha mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 70 hayafiki gramu 4, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa maisha yote. Lakini huwezi kukila hicho kijiko mara moja ukamaliza. Mwili unataka kidogo kidogo kila siku.

Iodini isipopatikana, thairoksini inaanza kupungua. Mwenyekiti na katibu wanaona upungufu. Hawajui kwamba mbao zimekwisha. Wao wanaona meza hazifiki tu, basi wanaandika barua kali zaidi. Na barua ile ya TSH ina maagizo mawili. La kwanza ni "tengeneza." La pili ni "panuka." Fundi ni mtiifu. Anaongeza karakana chumba juu ya chumba ili aweze kukamata kila chembe ya iodini inayopita katika damu. Karakana ikipanuka mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, inaonekana nje. Huo ndio uvimbe tunaouita rovu, wengine husema goita.

Naomba hapo tusimame kidogo, maana ndipo watu wengi hukosea. Uvimbe huo si ugonjwa ulioingia shingoni. Shingo inatii amri. Tena mara nyingi, hasa mwanzoni, amri hiyo inafaulu: ukipima damu ya mtu mwenye rovu unaweza kukuta thairoksini yake iko sawa au karibu na sawa. Mwili umeweka usawa wake, ila umelipia usawa huo kwa shingo. Ukiikata tezi tu bila kuuliza kilichokosekana, umemfukuza fundi na mbao bado hazijaletwa.

Kwa nini huku milimani? Iodini iliyomo katika udongo huoshwa na mvua miaka na miaka, ikateremka mitoni mpaka baharini. Samaki wa baharini wanayo kwa wingi. Sisi wa nyanda za juu tunakula mahindi, maharagwe na sukuma wiki zilizokua katika udongo ulioshwa. Hata maziwa hutegemea kile ng'ombe alichokula. Kuna pia vyakula ambavyo huizuia thairoidi isitumie vizuri hata ile iodini kidogo iliyopo, kama vile mihogo isiyolowekwa na kuandaliwa vizuri, na kabeji ikiliwa kwa wingi sana. Usiache kabeji kwa sababu yangu! Vyakula hivyo huleta shida pale ambapo iodini ni haba.

Si sisi peke yetu. Uswisi, nchi ya milima isiyo na bahari, ilikuwa na rovu nyingi mpaka ilipoanza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922. Kabla ya hapo, mwaka 1917, daktari David Marine na mwenzake walianza kuwapa wasichana wa shule katika mji wa Akron, Marekani, dawa ya iodini. Katika wasichana zaidi ya 2,000 waliokunywa, 5 tu ndio tezi zao zilikua. Katika wengine zaidi ya 2,000 ambao hawakunywa, zilikua za 495. Hapa Kenya, sheria ya kutia iodini katika chumvi ya kula ilianza mwaka 1978. Ndiyo maana vijana wengi leo hawajaona rovu kubwa kama zile ambazo wazee wetu walizaliwa wakiziona, wakadhani ni mambo ya ukoo.

Kuna kosa moja ninalolisikia mara kwa mara. Watu husema, "Chumvi yetu inatoka baharini, kule Gongoni karibu na Malindi, basi ina iodini yake ya asili." Hapana. Maji ya bahari yakikaushwa na jua, iodini inayobaki katika chumvi ni kidogo sana, haitoshi kitu. Iodini hutiwa kiwandani. Kwa hiyo chumvi ya mawe ya kulambisha ng'ombe, au ile inayopimwa kwa kopo kutoka gunia lisilo na jina, usiitie katika mboga ya watoto kwa kuokoa shilingi chache. Tafuta pakiti iliyoandikwa kwamba ina iodini. Ukifika nyumbani, itie katika chombo chenye kifuniko, mbali na moshi wa jiko, unyevu na jua. Chumvi itie chakula kikikaribia kuiva, isichemke muda mrefu bure. Na kutumia chumvi yenye iodini si kuongeza chumvi! Kwa sababu ya presha, mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilicho bapa, tukihesabu na ile iliyo katika mkate.

Kuna wanaouliza, "Shingo yangu haijavimba, mimi hiyo inanihusu nini?" Inamhusu mtoto aliye tumboni. Mtoto katika miezi mitatu ya kwanza hana thairoidi inayofanya kazi, anatumia thairoksini ya mama yake. Ndiyo homoni inayojenga ubongo wake. Mama akiwa na upungufu mkubwa, mtoto anaweza kuzaliwa na akili nzito, asisikie, asiseme, asikue. Ubongo uliokosa homoni wakati wa kujengwa haujengwi upya baadaye, hata ukimwaga chumvi gunia zima. Ni mtoto wa namna hii ambaye katika vijiji vyetu hufichwa nyuma ya nyumba, na mama yake akasemwa ameleta laana. Hakuleta laana. Alikosa kitu cha uzito usiofika punje ya mchanga kwa siku, na hakuna aliyemwambia.

Yule mama wa leso nilimwambia aende hospitali apimwe damu. Nilikuwa na sababu. Si kila shingo iliyovimba ni ukosefu wa iodini, na siku hizi ambapo karibu kila duka linauza chumvi yenye iodini, ni lazima kutafuta sababu nyingine pia. Kuna uvimbe wa saratani, ingawa si mara nyingi kama yule katibu anavyodhani. Uvimbe mgumu, unaokua haraka, unaobadilisha sauti au kuzuia kumeza na kupumua, huo usisubiri kikao kijacho.

Tena kuna jambo lingine la ajabu. Mwili wa mtu unaweza kutengeneza barua za uwongo. Askari wa damu, wale wanaotukinga na magonjwa, wanakosea na kutengeneza kitu kinachofanana na TSH. Fundi hawezi kutofautisha. Anafungua barua ya mlaghai na kuanza kutengeneza thairoksini usiku na mchana. Mwenyekiti na katibu wanaona imezidi, wanaacha kuandika kabisa, lakini haisaidii, kwa sababu barua hazitoki kwao. Mgonjwa huyu naye shingo imevimba, ila yeye anakonda, moyo unamwenda mbio, na pengine macho yanatokeza nje. Watu husema ni yule ugonjwa wa kukonda, wanaanza kumkimbia. Kumbe ana dawa yake hospitalini.

Mnaona basi kwa nini daktari akitazama shingo peke yake hawezi kujua. Shingo mbili zimevimba sawasawa. Moja inakosa, nyingine imezidi. Kipimo cha TSH ndicho kinachosema. TSH ikiwa juu, kichwa kinalalamika kwamba thairoksini haitoshi. TSH ikiwa chini kabisa, kwa kawaida kichwa kimenyamaza kwa sababu imezidi. Nasema kwa kawaida, nitawaeleza kwa nini.

Majibu ya yule mama yalionyesha thairoksini kidogo na TSH juu. Alipewa vidonge vya thairoksini. Baada ya siku nne akanitafuta sokoni amekasirika: "Hizi dawa ni chaki tu." Nilimweleza kwamba thairoksini huenda pole pole. Nusu ya ile iliyoko katika damu huchukua karibu siku 7 kupungua, kwa hivyo kiwango kipya hakikai sawa mpaka wiki 6 hivi, na ndipo daktari hupima tena TSH. Dawa yenyewe inywewe asubuhi kwa maji matupu, nusu saa kabla ya chai, maana maziwa na vidonge vya kuongeza damu huizuia isiingie. Pia nilimkataza jambo moja ambalo nyinyi nyote nawakataza. Ile iodini ya kupaka vidonda si ya kunywa. Iodini nyingi kwa ghafla inaweza kuiharibu thairoidi iliyozoea njaa, kama mtu aliyefunga siku nyingi akishindiliwa nyama choma. Uvimbe wake umepungua kidogo tu. Rovu ya miaka mingi hairudi kuwa kama ya msichana. Lakini anapanda mlima bila kukaa njiani, na leso sasa anajifunga kiunoni.

Wako wanaojitia wenyewe katika shida ya boya bila kujua. Juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza homoni ya kutusaidia wakati wa ugonjwa, njaa na mshtuko. Nazo hupokea barua kutoka kwa katibu yule yule, pituitari. Sasa mtu ana pumu au maumivu ya viungo, anapewa vidonge vya prednisoloni, ambavyo hufanana na homoni hiyo. Akivimeza zaidi ya wiki tatu hivi, kichwa kinaionja damu na kusema, "Homoni iko tele." Kinaacha kuandika barua, na zile tezi zinalala. Halafu siku moja mtu anajisikia vizuri, au pesa zimekwisha, anaviacha ghafla. Vidonge havipo, na tezi bado zimelala. Anaweza kuanguka kwa udhaifu, kutapika na presha kushuka, hata kufa. Dawa hiyo baada ya muda mrefu hupunguzwa kidogo kidogo kwa maagizo ya daktari. Krimu nyingine za kung'arisha uso zina dawa za jamii hiyo hiyo ndani yake, nazo zikipakwa mwili mzima kwa miezi mingi huingia katika damu. Wasichana wetu hawaambiwi hilo dukani.

Si kila kitu lakini kinapitia kwa mwenyekiti. Sukari ya damu, kwa mfano, hasa huangaliwa na kongosho lenyewe, ambalo huionja damu na kutoa insulini bila kungojea ruhusa. Hiyo ni habari ndefu, tutaiacha kwa siku nyingine.

Nilisema TSH ikiwa chini kwa kawaida maana yake ni thairoksini imezidi. Sasa fikiria katibu mwenyewe amekufa. Barua hazitoki, si kwa sababu kazi imetosha, bali kwa sababu hakuna wa kuandika.

Wakati wa mimba pituitari hunenepa, maana inajiandaa kuagiza maziwa. Inahitaji damu nyingi kuliko siku zote. Mama akizaa na damu ikimtoka kwa wingi mpaka presha ishuke, tezi hiyo iliyonenepa ndiyo inayokosa damu, na sehemu yake inakufa. Mama anaokolewa, mtoto yuko hai, watu wanapiga vigelegele. Mambo mengine yanaonekana baadaye. Daktari Mwingereza Harold Sheehan ndiye aliyeieleza hali hii vizuri, mwaka 1937, na inaitwa kwa jina lake. Katika nchi zenye hospitali karibu imekuwa haba. Kwetu, ambako mama anaweza kutokwa na damu usiku na gari halijafika, bado iko.

Nilimjua mama mmoja wa namna hiyo. Alizalia nyumbani, damu ikamtoka mpaka akazimia. Alipopata nafuu, maziwa hayakutoka hata tone. Mama mkwe akampa uji wa wimbi, supu, majani, kila kitu. Hakuna. Mtoto akalelewa na maziwa ya mbuzi. Hedhi haikurudi, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nywele za kwapani zikaisha. Akawa baridi wakati wote, anavaa sweta mbili mchana, anasinzia katika vikao, hata sisi katika kikundi tulimwona mvivu. Nasema sisi, kwa maana nami nilikuwepo na nilikuwa na cheti changu ukutani. Mume alioa mke mwingine, naye akarudishwa kwao na neno la kwamba mtu amelifunga tumbo lake.

Alipopelekwa hospitali mara ya kwanza, alipimwa TSH peke yake. Ilionekana si ya juu. Akaambiwa thairoidi yake haina neno, arudi nyumbani apumzike. Ilichukua miaka mitano mingine kabla daktari mmoja kijana hajauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Mama, ulipojifungua mtoto wako wa mwisho, damu ilitoka kiasi gani? Na ulinyonyesha?" Kisha akapima TSH pamoja na T4, na zile homoni nyingine za kichwa. Zote zilikuwa chini. Fundi alikuwa mzima katika karakana yake miaka yote hiyo, amekaa, anangojea barua.

Kwa hiyo, kina mama na wakunga, hayo ndiyo maneno ya kumwambia daktari wazi wazi bila kungoja aulize: nilitokwa na damu nyingi nilipozaa, maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi. Na daktari huanza na ile homoni ya tezi za juu ya figo kwanza, halafu ndipo thairoksini. Akianza na thairoksini peke yake anaweza kumuua mgonjwa, kwa sababu anaongeza moto wa jiko katika nyumba isiyo na nguvu ya kuubeba. Ndiyo maana hata vidonge vya jirani mwenye rovu havigawanwi.

Mama huyo anameza vidonge viwili vya aina tofauti kila siku, na atavimeza maisha yake yote. Kadi yake imeandikwa kwamba akiugua sana aongezewe ile dawa ya kwanza mara moja, na huibeba ndani ya pochi ya pesa. Hakurudi kwa mume. Mtoto aliyelelewa na maziwa ya mbuzi yuko sekondari. Mwaka jana kikundi kilimchagua mweka hazina, na ni yeye sasa anayetuamsha sisi tunaosinzia.